Pojo za Bibi wa Chini

Jikoni kwangu, kwenye rafu iliyo karibu na dirisha, hazikosekani pojo zinazoota, zile ambazo wengine huziita choroko. Wageni wakiingia kunawa mikono huuliza ni nini kile kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe, nami huwaambia ni pojo. Hunitazama usoni waone kama nawafanyia mzaha. Mzee mzima, mshona kofia, nimefiwa na mke, na kazi yangu ya kwanza nikiamka ni kuzisuza mbegu kana kwamba nina shamba. Waache watazame. Kuna kipindi rafu ile ilinikosesha usingizi na hamu ya chai, na leo nikisimama mbele yake moyo wangu hutulia, husema alhamdulillahi hata kabla ya ulimi.

Ilianza pale binti yangu, mtoto wangu wa pekee, aliporudi nyumbani kujifungua. Kwetu Mji wa Kale uzazi wa kwanza ni wa kwa mama. Msichana hutoka kwa mumewe siku zake zikikaribia, akaja kwao, akazaa, akakaa arubaini yake pale akilishwa, akikandwa na kufukizwa udi, na siku hizo zikitimia ndipo hurudi kwake amenona na mtoto mkononi. Tatizo ni kwamba kwa mama hapakuwa na mama. Mke wangu alifariki binti akiwa bado hajaolewa. Katika siku zake za mwisho alinishika mkono akaniambia jambo moja tu: mtoto huyu akija kuzaa, azalie hapa na arubaini yake aimalizie hapa, asichukuliwe na watu kama asiye na kwao. Nikasema ndiyo. Mbele ya mgonjwa ndiyo hutoka haraka sana.

Basi nikamwita dada yangu mkubwa, anayekaa Kuze, aje asimamie arubaini. Alikuja na sufuria zake mwenyewe, kwa sababu zangu hakuziamini. Siku ya kwanza alipiga marufuku feni, siku ya pili akapiga marufuku maji ya baridi, na kufikia siku ya tatu mimi mwenyewe nilikuwa nabisha hodi kwenye mlango wa jiko langu. Jambo moja tu lilimshinda. Alitaka kumfunga mtoto mvuje mkononi, lile tonge la utomvu linalonuka linalofungwa ndani ya kitambaa cheusi ili kumkinga mtoto na jicho na mashetani. Binti yangu akakataa kabisa. Mamake alikuwa hataki hata kuusikia mvuje ukitajwa, akisema nyumba inayonuka vile shetani hakimbii, wanaokimbia ni wageni. Dada akanuna, akaufutika mvuje wake kwenye pindo la leso, na sote tukadhani habari imeishia hapo.

Mtoto alikuwa salama, Mashallah, ananyonya vizuri na kulia kwa sauti iliyofika barazani. Mamake ndiye aliyekuwa akiisha. Dada alimpikia kila kinachopikiwa mzazi: supu ya kuku yenye pilipili manga, mchuzi wa pweza, uji wa uwatu. Binti alikuwa akiitazama sahani, akichovya kipande cha mkate, akikigeuzageuza, kisha anasema, "Nitakula baadaye, Shangazi." Baadaye haikufika. Mikono yake ilikonda hata bangili zikawa zinateleza mpaka kwenye kiwiko. Kwenye kliniki muuguzi alimpima, akasema damu imepungua, akampa vidonge, akaniambia: "Mzee, mpe chochote anachokitamani, mradi kiwe kisafi na kimepikwa."

Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani pake. Nikamwambia: "Mwanangu, taja kitu. Kiwe Feri, kiwe Mama Ngina, kiwe ng'ambo, ntakwenda nikitafute. Wataka mihogo? Wataka viazi vya karai?"

Alimweka mtoto vizuri kifuani. Kisha akasema, "Nataka pojo za Bibi wa chini."

Bibi wa chini alikuwa ameshafariki. Alikuwa mama wa Kihindi, Mwislamu mwenzetu, aliyekaa ghorofa ya chini ya nyumba hii tangu kabla sijaoa. Kila Jumamosi alipika pojo zilizoota, zile zenye vijimkia vyeupe, akatoka nje na kuita. Binti yangu, hata meza hajaifikia kwa kimo, alikuwa akikimbilia dirishani kuteremsha kikapu chetu cha kamba, kile tunachonunulia mboga bila kushuka ngazi. Kikapu kilipanda na bakuli la moto ndani yake. Mke wangu na binti walilimaliza palepale dirishani, na mimi nikirudi kutoka kazini nilikuta bakuli limeoshwa. Baadaye yule bibi alihamia kwa mwanawe ng'ambo na Mungu akamrehemu hukohuko. Chini sasa ni stoo ya mikeka ya plastiki.

Ujuzi wangu wote kuhusu pojo zile ulikuwa huu: zilikuwa na mikia.

Asubuhi nilikwenda soko la Marikiti nikanunua pojo mpya. Nikazichambua kwenye sinia, mawe huku, mbovu huku, nikaziosha na kuziroweka kutwa. Jioni nilizimwagia kwenye chujio la nazi, nikazifunika kwa bafta iliyobaki kwenye kushona kofia. Dada alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Pojo hutiwa nazi zikapikwa," akasema. "Hizo wazipanda?"

"Nazioteza."

"Mtu mzima na mvi zake! Wata hizo pojo, ukalete kuku."

Sikuziwacha, lakini mwanzo haukunipa fahari. Bomba letu siku hizo lilikuwa kavu, nami bila kufikiri nikatumia maji ya kisima cha uani, ambayo kila mtu wa mtaa huu anajua yana chumvi na hufaa kufulia tu. Pojo zilivimba, zikakaa vilevile, hazikutoa hata nukta. Nikazitupa, nikaanza upya kwa maji ya mtungi yanayouzwa kwa mkokoteni. Nilikuwa nikizisuza asubuhi na jioni, nikitikisa chujio mpaka tone la mwisho, na siku ya pili nilipofunua kitambaa nilikuta kila moja imepasuka na kutoa kijimkia. Nilimwita dada yangu kwa sauti ya mtu aliyeuona mwezi wa Idi. Hata yeye alikuja akachungulia, akasema "Mm," na kwa dada yangu hiyo ni hotuba.

Siku hiyo kulikuwa na wageni wengi waliokuja kumwona mzazi. Kila mmoja alipita jikoni kunawa mikono kabla ya kumshika mtoto, na kila mmoja aliinamia chujio langu. "Ajabu! Zimeota hizi! Zilivyojaa!" Nilisimama pembeni nikijifanya sijali. Dada yangu alisimama upande wa pili akiyatazama macho yao kama askari wa zamu, maana wengi wao walisifu wakasahau kusema Mashallah.

Kesho yake asubuhi nilifunua kitambaa na uvundo ukanipiga usoni.

Lazima nieleze kuhusu pua yangu. Tangu ule ugonjwa uliotufungia sote majumbani, haijarudi kuwa sawa. Husikia harufu, lakini haisemi harufu ya nini. Kahawa kwangu ni moshi, na marashi ni kama sabuni ya kufulia. Uvundo huutambua, ila uvundo wote ni mmoja: wa samaki, wa taka, wa yai viza. Asubuhi ile uliniambia kitu kimeoza. Nikazitazama pojo: nyeupe, ngumu, zimenyooka. Nikazinusa tena, nikajirudisha nyuma. Muuguzi alikuwa amenionya nilipompigia simu kumuuliza: mbegu za kuotesha zikinuka vibaya usimpe mzazi hata kwa kujaribu. Nikazitupa zote.

"Zimeoza," nikamwambia dada.

Akatikisa kichwa polepole. "Mato ya watu," akasema, maana kwake macho ya wageni ndiyo yaliyozioza.

Nikaroweka nyingine. Zikaota vizuri kuliko za kwanza, na zikanuka vibaya zaidi. Nikazitupa. Nilibadilisha kitambaa, nikalichemsha chujio, nikausugua uso wa rafu kwa sabuni na ndimu, nikabadilisha mpaka muuza maji. Nilikuwa na hasira na watu ambao hawakunifanyia lolote. Nilimgombeza muuza pojo Marikiti mbele ya wateja wake, naye alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimelala vizuri.

Katikati ya masaibu hayo akaja mavyaa wa binti yangu, mama wa mumewe. Anakaa Mbaraki, kwenye nyumba ya nafasi, na wasaidizi wake jikoni. Ni mtu mwema sana, na wema wake ndio ulionitia hofu, kwa sababu kwa mtu mbaya ningekuwa na la kujibu. Alileta chungu cha supu, akakaa na mkwewe, akambusu mtoto, akaushika ule mkono wenye bangili zinazoteleza. Alipotoka alinikuta ukumbini.

"Mkwe wangu," akasema, "usinielewe vibaya. Weye wajitahidi, kila mtu yuwaona. Lakini mtoto huyu hali. Nyumba haina mamake, na dadako ni mtu mzima, achoka. Ijumaa ya wiki ijayo ntakuya na gari. Nikimkuta yuwala, wallahi ntarudi zangu. Nikimkuta vivi hivi, nipe nimpeleke Mbaraki amalizie arubaini kwangu. Ni mwanangu pia."

Nilisema, "Inshallah, mkwe," kwa sababu hakukuwa na neno la ubaya la kushikilia. Alikuwa na haki. Nilimsindikiza mpaka chini, nikarudi, nikakaa kwenye ngazi nusu njia. Niliona wazi jinsi itakavyokuwa: gari limesimama mdomoni mwa uchochoro, begi linateremshwa, binti yangu nyuma na mtoto wake, na mimi nimesimama mlangoni na ile ndiyo yangu niliyompa mamake.

Nikapandisha vita darini, juu ya paa. Kama jikoni kuna kitu kinachozioza, nilijiambia, juu kuna hewa safi. Nilitundika chujio kwenye kivuli cha tangi, nikawa napanda na kushuka mpaka magoti yakalia. Pojo zile ziliota bila harufu yoyote. Nilikaribia kucheza. Nikazipika mwenyewe, kwa vitunguu, manjano na tui la nazi, nikampelekea kwenye sahani nzuri ya mamake.

Alikula kijiko kimoja, kisha cha pili, kwa ajili yangu. Nilimjua tangu utotoni, nilijua anapokula kwa ajili yangu.

"Si zile, Baba," akasema taratibu. "Nisamehe. Zina mikia, lakini si zile."

"Zina nini basi zile?"

"Sijui. Zilikuwa na... sijui." Macho yakamjaa machozi, akageukia ukutani. Mzazi hulia kwa kidogo, nalijua hilo, lakini mimi si mzazi na nilipofika jikoni nililia pia.

Nilipopanda darini kuchukua fungu lililobaki, nikakuta kunguru wameshalifikia. Walikuwa wamekivuta kitambaa na kuzitawanya pojo juu ya paa lote, na mmoja alinitazama bila kuondoka, kama vile mimi ndiye niliyeingia kwao. Nikarudi kwenye rafu ya jikoni. Niliroweka fungu la mwisho kabla ya ile Ijumaa, nikalifunika, nikamwomba Mungu, nikaacha kulifunua kila saa.

Jumatano asubuhi dada alikwenda sokoni. Niliingia jikoni nikafunua kitambaa. Pojo zilikuwa zimeota kupita zote za nyuma, zimejaa chujio mpaka ukingoni. Na uvundo ulikuwa mkali hata macho yakawasha.

Nililichukua chujio kwa mikono miwili. Sikuwa hata na hasira tena. Nilikuwa nimeshafika kwenye ndoo ya taka, nimeinama, niliposikia nyayo nyuma yangu. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na leso mabegani, yeye ambaye shangazi yake hakumruhusu kuvuka kizingiti cha chumba chake. Alikuwa amekuja kuchukua maji ya moto. Alikuwa amesimama wima, kidevu juu, ananusa.

"Nani anapika kwa Bibi wa chini?" akauliza.

"Hapana mtu chini, mwanangu. Ni mikeka."

"Mbona nasikia harufu ya jikoni kwake?"

"Hizi pojo ndizo zinazonuka. Zimeoza tena. Toka, usije ukatapika."

Hakutoka. Alikuja, akalichungulia chujio lililokuwa mikononi mwangu, akachukua pojo moja, akaivunja kwa kucha, akainusa. "Hazikuoza, Baba. Hizi hazinuki kitu." Kisha akaifuata harufu kama anayefuata uzi. Akainama kwenye rafu, akaingiza mkono chini yake, akatoa kifundo cha kitambaa cheusi kilichokuwa kimetundikwa kwenye msumari. Kilikuwa kimelowa maji ya pojo yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye chujio. Kando yake kulikuwa na kifundo kingine, na kingine.

Tulitazamana. Niliuleta uso wangu karibu na kile kifundo na macho yakanitoka machozi. Hata pua yangu ilikubali.

"Mvuje," nikasema.

"Mvuje," akasema binti yangu, na akaanza kucheka. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo tangu mtoto azaliwe. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nikaanza kuona mambo yote kwa mpangilio: wageni wamesifu bila Mashallah, dada amehofia jicho, ameufungua mvuje wake aliokatazwa kumfunga mtoto akaufunga kwenye pojo zangu. Mimi nikanusa, nikatupa. Yeye akaona pojo nzuri zinatupwa kila mara, akapata hakika kwamba jicho ni kali kuliko alivyodhani, akaongeza kifundo. Nami nikanusa zaidi, nikatupa zaidi. Tungeendelea hivyo mpaka Marikiti pojo zikaisha.

Lakini binti alikuwa ameshanyamaza. Alikuwa amekishika kile kifundo, anakinusa tena kwa macho yaliyofumbwa, mbali kidogo, kwa makini.

"Baba," akasema, "hii ndiyo. Ndiyo iliyokosekana. Bibi wa chini alikuwa akitia hii."

Nilitaka kumwambia haiwezekani, kwamba huu ni wa kufukuzia mashetani. Kisha nikaona kwamba sijui chochote kuhusu jiko la mwanamke yule, ila kwamba bakuli lilirudi tupu kila Jumamosi. Nikavaa kofia yangu nikatoka. Mvuje wa dada ulikuwa umeshafanya kazi nyingine na sikutaka kuula. Kwenye duka la viungo, muuzaji, Mhindi mwenye ndevu nyeupe, hakuinua hata kichwa kutoka kwenye mizani.

"Nipe mvuje," nikasema.

"Wa kula au wa mashetani?"

Ningeweza kumkumbatia juu ya magunia yake ya bizari. "Wa kula," nikasema. "Wa kutia kwenye pojo za kuota."

Ndipo aliponitazama. Akanifungia mvuje wa unga kwenye karatasi, akaongeza mbegu za haradali bila mimi kuomba. "Mafuta yapate moto kwanza. Haradali ipasuke, halafu mvuje, kidogo kama unachokamata kwa vidole viwili. Halafu pojo na manjano, maji kidogo, funika ziive. Ndimu mwishoni. Ukizidisha mvuje, mzee, utahama nyumba mwenyewe."

Nilipika hivyo hivyo. Haradali iliruka ikapasuka, na nilipotia ule unga ndani ya mafuta, kitu cha ajabu kilitokea: uvundo ulilainika, ukawa harufu ya kitunguu na nyama iliyochomwa, na hata mimi mwenye pua mbovu nikasikia njaa. Nilizifunika zikaiva vizuri, kama muuguzi alivyotaka. Nikapeleka sahani chumbani. Sikukaa. Nilisimama ukumbini nyuma ya pazia, nikasikiliza kijiko. Kijiko kiligonga sahani, kikagonga tena, kikaendelea kugonga bila kupumzika. Nimesikia qaswida nyingi nzuri katika maisha yangu, lakini sikumbuki nyingine iliyonituliza kama ile.

Dada aliporudi na kapu lake alitukuta tunacheka, sahani tupu katikati yetu na vile vifundo vyake vitatu vimepangwa juu ya meza. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi. Yeye aliketi, akavua buibui, akatazama vifundo, akatazama sahani.

"Si nalikwambia?" akasema. "Ningekuwa sikuzitilia mvuje, zingeota namna hini?"

Akavikusanya vifundo vyake, akavifutika tena kwenye pindo la leso. Binti yangu ndiye aliyekumbuka jingine, akashika mdomo kwa mikono yote miwili. "Mama!" akasema. "Mama alikuwa hataki mvuje upite mlangoni!" Na miaka yote ile, kila Jumamosi, mke wangu alikuwa akiula dirishani kwa kijiko na kulamba bakuli. Dada yangu alicheka hata akaomba maji. Mimi nilicheka pia, na ndani ya kicheko nilimkumbuka mke wangu bila kuumia, kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe.

Alhamisi binti alikula pojo, kisha kwa hamu ileile akala kipande cha kuku wa shangazi yake. Ijumaa baada ya sala nilisikia viatu vya mavyaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimeliona gari kutoka dirishani, limesimama mdomoni mwa uchochoro kwa kuwa ndani haliingii. Alikuwa na begi tupu mkononi, la kutilia nguo za mtoto.

"Masalkheri, mkwe wangu," akasema, akasimama. "Mwapika nini humu?"

"Karibu ndani, mkwe," nikasema. Nikampisha mlangoni.

Binti alikuwa amekaa juu ya mkeka, mgongo ukutani, mtoto amelala kando, sahani mapajani. Akamwamkia mavyaa wake kwa heshima zote, akarudi kwenye sahani. Mikono bado ilikuwa miembamba. Lakini ilikuwa inafanya kazi, sahani mdomoni, sahani mdomoni, na usoni kulikuwa na rangi. Mavyaa aliketi kwenye kiti, begi magotini, akamtazama. Nami nilimtazama yeye. Binti alikwangua zile za mwisho kwa ukingo wa kijiko, akanyoosha sahani upande wangu bila kuinua macho.

"Baba, zimebaki?"

Mavyaa alilikunja lile begi tupu, mara moja, mara mbili, mpaka likawa dogo, akalitia ndani ya mkoba wake. "Niletee na mimi nionje," akasema. Akaonja, akaonja tena, akamaliza. Alipoinuka alimbusu mkwewe kichwani, akambusu mtoto. "Haya mwanangu. Sisi tutakuya siku ya arubaini, na pilau yetu." Akaniaga kwa kunishukuru.

Nilikuwa bado nimesimama ukumbini, nikisikia viatu vyake vikishuka, sauti yake ilipopanda kutoka uchochoroni. "Mkwe! Nimesahau! Hapana kidogo za kumpelekea mume wake?"

Binti aliinuka kabla yangu. Shangazi yake akaanza kusema mzazi hasimami dirishani, kisha akajikatiza mwenyewe, akamfunika leso ya pili kichwani na kumpisha. Binti alijaza bakuli, akalifunika, akakitoa kile kikapu kwenye msumari wake wa zamani. Kamba ilikuwa mpya lakini kikapu ni kilekile. Akakiteremsha taratibu, mkono baada ya mkono, kama alivyofundishwa na mamake, na mimi nikichungulia pembeni yake niliona mikono ya mavyaa ikipokea bakuli chini, mbele ya mlango wa Bibi wa chini. Gari liliondoka na bakuli ndani yake, na nguo za mtoto zikabaki kwenye kamba yetu ya nguo. Binti yangu akakivuta kikapu juu, chepesi, akanipa. Nilimwambia mke wangu, kimoyomoyo, kwamba amezalia hapa na arubaini yake ataimalizia hapa. Kisha nikakitundika kikapu mahali pake, nikaenda kuroweka nyingine.